Mgawanyo sintetiki: kwa nini ishara hugeuka, na kwa nini jibu huweza kutoka mara mbili

Swali

Msomaji ameandika hivi: "Nimejifunza kugawanya polinomia kwa mgawanyo sintetiki na ninaipenda njia hii kwa ufupi wake, lakini kuna mambo matatu yananitatiza. Kwanza, kwa nini tukigawanya kwa x + 2 tunaandika −2 pembeni, kisha tunajumlisha, wakati katika njia ndefu tunatoa? Pili, nimegawanya 6x³ − 7x² − 7x + 11 kwa 2x − 3 nikitumia 3/2, nikapata 6x² + 2x − 4, baki 5. Kwa njia ndefu nimepata 3x² + x − 2, baki 5. Inakuwaje jibu liwe mara mbili ilhali baki ni lile lile? Tatu, je, njia hii inafanya kazi kigawanyo kikiwa na x²?"

Jibu

Ndugu msomaji, maswali yako yote matatu yana chanzo kimoja. Mgawanyo sintetiki mara nyingi hufundishwa kama hatua za kukariri, yaani shusha, zidisha, jumlisha, rudia, bila mwanafunzi kuonyeshwa hatua hizo zimetoka wapi. Aliyezikariri tu huenda salama madhali kigawanyo kina umbo la x − a. Kigawanyo kikibadilika kidogo, kama kilivyobadilika kwako, anakosa pa kushika. Kwa hiyo nitaanza na chanzo chenyewe, na baada ya hapo swali lako la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zuri kuliko yote, litajibika karibu lenyewe.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Vizigeu ni zile namba zinazozidisha vipeo vya x, na hapa nahesabu pamoja nazo ile namba ya mwisho isiyo na x. Kigawanyo ni polinomia inayogawa. Digrii ni kipeo cha x kilicho kikubwa kuliko vyote katika polinomia.

Chukua 2x⁴ + 3x³ − 5x + 4, tuigawanye kwa x + 2. Polinomia hii haina kipande chenye x², kwa hiyo nafasi yake inajazwa na sifuri, na vizigeu vyake kwa mpangilio ni 2, 3, 0, −5 na 4. Kazi nzima inaandikwa hivi:

−2 |  2    3    0   −5    4
   |      −4    2   −4   18
   --------------------------
      2   −1    2   −9   22

Namba ya kwanza, 2, inashushwa chini kama ilivyo. Inazidishwa kwa −2, zao lake −4 linaandikwa chini ya 3, na jumla yao ni −1. Hiyo −1 nayo inazidishwa kwa −2, inatoka 2, inajumlishwa na 0, na hivyo hivyo mpaka safu ya mwisho. Namba ya mwisho katika mstari wa chini, 22, ni baki. Zile zilizotangulia ni vizigeu vya jibu, ambalo huanzia digrii moja chini ya polinomia iliyogawanywa. Jibu basi ni 2x³ − x² + 2x − 9, baki 22.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa njia ndefu, lakini uende polepole na utazame hatua ya kwanza peke yake. Unajiuliza x inaingia mara ngapi katika 2x⁴, na jibu ni 2x³. Unazidisha 2x³ kwa x + 2, unapata 2x⁴ + 4x³, unaiandika chini ya polinomia na kutoa. Kipande 2x⁴ kinakatana na 2x⁴, na kitakatana kila mara, kwa kuwa 2x³ ilichaguliwa kwa kusudi hilo. Kukiandika ni kupoteza wino. Chenye habari mpya ni kipande cha pili tu: 3x³ ukitoa 4x³ inabaki −x³. Na kwa sababu kizigeu cha x katika kigawanyo ni 1, ile −1 iliyobaki ndiyo hiyo hiyo inayopanda juu kuwa kizigeu kinachofuata cha jibu, bila kugawanywa na kitu chochote. Sentensi hii ya mwisho ishike vizuri, maana ndiyo iliyokukwaza ulipogawanya kwa 2x − 3.

Mgawanyo sintetiki ni njia ndefu iliyopunguzwa mambo matatu yasiyo na kazi. Herufi x zinaondolewa, kwa kuwa nafasi ya kila namba inatosha kuonyesha kipeo chake. Vipande vinavyokatana daima haviandikwi. Tena, badala ya kuzidisha kwa 2 kisha kutoa, tunazidisha kwa −2 kisha tunajumlisha. Jambo la tatu ndilo jibu la swali lako la kwanza. Kutoa 4 na kujumlisha −4 ni kitu kimoja, na watu wengi hukosea wanapotoa, hasa kutoa namba hasi, kuliko wanapojumlisha. Ishara inageuzwa mara moja tu, pembeni, mwanzoni mwa kazi, badala ya kugeuzwa katika kila safu. Ukitaka kubaki na +2 pembeni na kutoa kila mahali utapata jibu sahihi vilevile. Utakuwa tu umejiongezea nafasi za kukosea.

Kama hoja hiyo haikuridhishi, kuna njia ya kulithibitisha jambo hili kwa aljebra tupu. Tuseme polinomia yenye vizigeu c₄, c₃, c₂, c₁ na c₀ imegawanywa kwa x − a, jibu likawa b₃x³ + b₂x² + b₁x + b₀ na baki likawa r. Maana ya kugawanya ni kwamba kigawanyo kikizidishwa kwa jibu, kisha baki likaongezwa, polinomia ya mwanzo inarudi. Ukizidisha x − a kwa jibu hilo na kulinganisha vizigeu, kipeo kwa kipeo, unapata:

c₄ = b₃
c₃ = b₂ − ab₃
c₂ = b₁ − ab₂
c₁ = b₀ − ab₁
c₀ = r − ab₀

Hamisha vipande vyenye a kwenda upande wa pili, navyo vinageuka kuwa chanya: b₃ = c₄, b₂ = c₃ + ab₃, b₁ = c₂ + ab₂, b₀ = c₁ + ab₁, na r = c₀ + ab₀. Soma milinganyo hiyo kwa mpangilio na utaona kwamba inasema shusha, zidisha kwa a, jumlisha, mpaka mwisho. Kigawanyo kimeandikwa x − a, na kwa hiyo x + 2 ni x − (−2), na a ni −2. Hakuna kanuni ya pekee ya "kugeuza ishara". Kuna a tu, ambayo ni ile thamani ya x inayokifanya kigawanyo kiwe sifuri.

Kabla ya kuingia kwenye swali la pili, neno fupi juu ya ile sifuri ya x². Mwanafunzi anayeisahau huandika 2, 3, −5, 4, anapata chini 2, −1, −3, 10, na kuandika jibu 2x² − x − 3, baki 10. Hesabu yake haina kosa lolote la kuzidisha wala kujumlisha. Shida ni kwamba ameigawanya 2x³ + 3x² − 5x + 4, ambayo ni polinomia nyingine kabisa. Dalili ipo wazi kwa anayetazama: polinomia ya digrii 4 ikigawanywa kwa kigawanyo cha digrii 1 lazima itoe jibu la digrii 3, na hapa limetoka la digrii 2.

Sasa 2x − 3. Ulifanya vizuri kutafuta thamani inayokifanya kigawanyo kiwe sifuri, na thamani hiyo ni kweli 3/2. Kazi yako ilikuwa hivi:

3/2 |  6   −7   −7   11
    |       9    3   −6
    ---------------------
       6    2   −4    5

Kila namba hapo ni sahihi. Lakini ulichogawanya kwacho si 2x − 3. Ni x − 3/2, kwa sababu mgawanyo sintetiki katika umbo lake la kawaida haujui kigawanyo kingine chochote isipokuwa x − a. Ulichopata basi kinasema hivi:

6x³ − 7x² − 7x + 11 = (x − 3/2)(6x² + 2x − 4) + 5

Kigawanyo ulichokitaka ni mara mbili ya hiki ulichokitumia, maana 2x − 3 = 2(x − 3/2). Ili kukirudisha mahali pake, toa 2 kwenye mabano ya pili na uipeleke kwenye mabano ya kwanza. Zao halibadiliki, kwa kuwa 6x² + 2x − 4 ni 2(3x² + x − 2), na hiyo 2 haijali imekaa upande gani:

6x³ − 7x² − 7x + 11 = (2x − 3)(3x² + x − 2) + 5

Angalia 5 iko wapi katika mistari hii miwili. Iko nje ya mabano yote. Haizidishwi na kigawanyo wala na jibu, kwa hiyo kuhamisha 2 kutoka bano moja kwenda jingine hakuigusi. Ndiyo maana jibu lilikuwa mara mbili na baki likawa sawa. Kwa jumla, kigawanyo kikiwa mx − n, tumia n/m pembeni, kisha gawanya vizigeu vya jibu kwa m, na baki uliache lilivyo.

Unaweza pia kuiona sababu hii kwa kurudi kwenye njia ndefu. Unapogawanya kwa 2x − 3, kila mara unajiuliza 2x inaingia mara ngapi, na hivyo kila kizigeu cha jibu kinapitia kugawanywa kwa 2 kabla hakijapanda juu: 6 inakuwa 3, 2 inakuwa 1, −4 inakuwa −2. Kwenye mgawanyo sintetiki hatua hiyo haipo. Baki, kwa upande wake, halipandi juu, basi halina sababu ya kugawanywa.

Kuna tahadhari moja ambayo sioni ikisisitizwa inavyostahili. Wengine, ili kuepuka kugawanya jibu mwishoni, hugawanya kila kitu kwa 2 mwanzoni, polinomia pamoja na kigawanyo, halafu huendelea na x − 3/2. Vizigeu vinakuwa 3, −3.5, −3.5 na 5.5, na kazi inatoka hivi:

1.5 |  3   −3.5   −3.5    5.5
    |       4.5    1.5   −3
    ---------------------------
       3    1     −2      2.5

Jibu limetoka moja kwa moja, 3x² + x − 2, bila marekebisho yoyote. Lakini sasa baki limekuwa 2.5, ambalo si baki la swali lililoulizwa. Umeigawanya nusu ya polinomia, na nusu ya polinomia inaacha nusu ya baki. Inabidi ulizidishe kwa 2 lirudi kuwa 5. Njia zote mbili ni halali. Katika ile yako jibu ndilo linalorekebishwa, na katika hii ni baki. Anayechanganya njia hizo mbili hugawanya jibu kwa 2 na baki pia, kisha hushangaa kwa nini hesabu yake haikubali kuhakikiwa. Mimi hupendelea njia yako, kwa sababu huziacha sehemu na desimali zikae pembeni tu badala ya kutapakaa katika mstari wote wa juu.

Kuhakiki nako ni kazi ya dakika moja, na hapa ndipo penye utajiri wa njia hii. Rudi kwenye mlinganyo p(x) = (x − a) × jibu + r, ambapo p(x) ni polinomia iliyogawanywa, kisha weka a mahali pa x. Mabano ya kwanza yanakuwa sifuri, yanafuta jibu lote, na kinachobaki ni p(a) = r. Hii ndiyo Kanuni ya Baki: baki la kugawanya kwa x − a ni thamani ya polinomia pale x inapokuwa a. Katika mfano wa kwanza, kuweka −2 katika 2x⁴ + 3x³ − 5x + 4 kunatoa 32 − 24 + 10 + 4, yaani 22, kama tulivyopata. Katika wako, kuweka 3/2 kunatoa 20.25 − 15.75 − 10.5 + 11, nayo ni 5. Yule aliyesahau sifuri angepata 10 mahali pa 22 na angejigundua hapo hapo.

Lakini mgawanyo sintetiki haukutani na thamani ya polinomia mwishoni tu. Tangu hatua ya kwanza ulikuwa unaitafuta. Andika polinomia ya mfano wa kwanza kwa kuifungia x hatua kwa hatua:

2x⁴ + 3x³ + 0x² − 5x + 4 = (((2x + 3)x + 0)x − 5)x + 4

Sasa weka −2 na uhesabu kutoka mabano ya ndani kabisa kwenda nje. Unaanza na 2. Mara −2, ongeza 3, unapata −1. Mara −2, ongeza 0, unapata 2. Mara −2, toa 5, unapata −9. Mara −2, ongeza 4, unapata 22. Ni mstari wa chini wa jedwali letu, namba kwa namba. Kwa hiyo mtu anayetafuta thamani ya polinomia kwa njia hii anapata vizigeu vya jibu la mgawanyo bila kuviomba, na mtu anayegawanya anapata thamani ya polinomia kwa gharama ile ile.

Gharama yenyewe ni ndogo. Polinomia ya digrii 10 huhitaji mazidisho 10 na majumlisho 10. Ukitafuta kila kipeo cha x upya na kukizidisha kwa kizigeu chake, utahitaji mazidisho 55. Mwaka 1966 mwanahisabati Victor Pan alithibitisha kwamba kwa polinomia ya kawaida ya digrii n, hakuna utaratibu wa jumla unaoweza kutumia mazidisho pungufu ya n, ikiwa vizigeu havikufanyiwa matayarisho kabla. Programu nyingi za kompyuta zinazohesabu thamani za polinomia hutumia mpango huu huu.

Mpango huo hujulikana kwa jina la William George Horner, Mwingereza ambaye kazi yake ya kutafuta mizizi ya milinganyo ilichapishwa na Royal Society ya London mwaka 1819. Paolo Ruffini wa Italia alikuwa amemtangulia kwa maandiko ya mwaka 1804, na ndiyo sababu wanafunzi wa Italia na Hispania huuita mgawanyo huu kanuni ya Ruffini. Wachina waliwatangulia wote wawili kwa karne nyingi. Kitabu cha Qin Jiushao cha mwaka 1247 kinatatua milinganyo ya digrii za juu kwa hatua zile zile za kuzidisha na kujumlisha. Majina tuliyozoea kuyapa mambo ya hisabati si mara zote yanayoonyesha nani alianza.

Matumizi makubwa ya njia hii darasani ni kutafuta mizizi, yaani thamani za x zinazoifanya polinomia iwe sifuri. Baki likiwa sifuri, x − a ni kigawo cha polinomia, na jibu lililotoka lina digrii pungufu kwa moja, kwa hiyo kazi iliyobaki ni nyepesi zaidi. Chukua 2x³ − 3x² − 11x + 6. Kwa kuwa vizigeu ni namba kamili, mzizi wowote ulio sehemu, au namba kamili, lazima kiasi chake kigawe 6 bila kuacha baki na asili yake igawe 2. Basi wa kujaribiwa ni 1, 2, 3, 6, 1/2 na 3/2, chanya na hasi. Kwa 1 mstari wa chini ni 2, −1, −12, −6, na kwa 2 ni 2, 1, −9, −12. Kwa 3 ni 2, 3, −2, 0. Hapo tumepata mzizi, na bila kazi ya ziada tunajua kuwa kilichobaki ni 2x² + 3x − 2, ambacho ni (2x − 1)(x + 2). Mizizi mitatu ni 3, 1/2 na −2. Baada ya kupata 3 usirudi kujaribu kwenye polinomia ya mwanzo. Endelea na ile ya digrii 2.

Mstari wa chini una habari nyingine ambayo wengi huipita bila kuisoma. Ukigawanya polinomia hiyo hiyo kwa x − 4, unapata 2, 5, 9, 42, zote chanya. Maana yake ni kwamba polinomia ni (x − 4)(2x² + 5x + 9) + 42, na x ikizidi 4 kila kipande hapo ni chanya, basi jumla haiwezi kuwa sifuri. Hakuna mzizi unaozidi 4, na 6 imeondoka katika orodha ya kujaribiwa. Kwa a chanya, mstari wa chini usio na namba hasi hata moja hufunga mlango wa juu.

Mitihani nayo hupenda kuficha herufi katika vizigeu. Ukiambiwa x³ + kx² − 4x + 3 ikigawanywa kwa x − 2 baki ni 7, mstari wa chini unakuwa 1, k + 2, 2k, 4k + 3, na kutoka 4k + 3 = 7 unapata k = 1. Hapa hakuna jipya.

Nakuja kwenye swali lako la tatu. Ndiyo, njia hii inafanya kazi kigawanyo kikiwa na x², na kuna hali mbili.

Kigawanyo kikichanganuka, gawanya mara mbili. Tugawanye x⁴ + 2x³ − x² + 3x + 5 kwa x² + x − 2, ambacho ni (x − 1)(x + 2). Ukigawanya kwa x − 1 unapata 1, 3, 2, 5, na baki 10. Ukichukua jibu hilo bila baki lake na kuligawanya kwa x + 2 unapata 1, 1, 0, na baki 5. Jibu la mwisho ni x² + x. Baki, hata hivyo, si 5 wala 15. Ile 5 ilipatikana ndani ya jibu la kwanza, ambalo lilikuwa linazidishwa na x − 1, kwa hiyo nayo inazidishwa na x − 1. Ile 10 ilikuwa nje tangu mwanzo. Baki kamili ni 5(x − 1) + 10, yaani 5x + 5. Ni hoja ile ile ya 2x − 3: kabla ya kuamua kama namba inaguswa au haiguswi, uliza iko ndani ya mabano gani.

Kigawanyo kisipochanganuka, panua jedwali. Tugawanye 2x⁴ − x³ + 4x² + 5x − 6 kwa x² − 2x + 3. Kama vile kwa x − a tulivyotumia x = a, hapa tunatumia x² = 2x − 3, na pembeni tunaweka namba mbili, 2 na −3. Kila kizigeu cha jibu sasa hutuma mazao mawili: zao la 2 huenda safu inayofuata, na zao la −3 huenda safu iliyo mbele ya hiyo.

 2 |  2   −1    4    5    −6
   |       4    6    8
−3 |           −6   −9   −12
   ---------------------------
      2    3    4    4   −18

Ifuate taratibu. Namba ya kwanza 2 inashuka. Inatuma 4 safu ya pili na −6 safu ya tatu. Safu ya pili inatoa 3, ambayo inatuma 6 safu ya tatu na −9 safu ya nne. Safu ya tatu inatoa 4, ambayo inatuma 8 safu ya nne na −12 safu ya tano. Hapo unaacha kutuma. Kigawanyo ni cha digrii 2, basi namba mbili za mwisho ni za baki, na baki halizidishwi na kitu. Kosa la kawaida ni kuichukua ile 4 ya safu ya nne, kuizidisha kwa 2 na kuipeleka 8 safu ya tano. Ukifanya hivyo utapata −10 mahali pa −18. Jibu ni 2x² + 3x + 4, na baki ni 4x − 18. Ukitaka kuhakiki, zidisha x² − 2x + 3 kwa 2x² + 3x + 4. Inatoka 2x⁴ − x³ + 4x² + x + 12, na ukiongeza 4x − 18 polinomia ya mwanzo inarudi kamili.

Kigawanyo cha aina hii kikianza na namba isiyo 1, kwa mfano 3x² + x − 5, kigawanye kwanza kwa 3 ili kianze na x² tupu, kamilisha jedwali, kisha gawanya vizigeu vya jibu kwa 3 na uliache baki, kwa sababu ile ile iliyokuacha na 5 yako. Jedwali la namna hii hupanuka hata kwa vigawanyo vya digrii 3 na zaidi, kila digrii ikiongeza mstari mmoja wa mazao, lakini kwa kazi ya mkono sioni faida yake kupita hapo. Mistari inakuwa mingi, sehemu zinaanza kurundikana, na njia ndefu, ambayo huonyesha kila kipande na kipeo chake, inakuwa salama zaidi.